Si Mzaha, ni Utani

Mume wangu alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwetu milimani hilo si jambo dogo. Mama yake alimfunga kitambaa utotoni ili azoee wa kulia. Akachoka mama, mtoto hakuchoka. Jembe kushoto, panga kushoto, hata kanisani padri ilimbidi amtolee macho ndipo abadilishe mkono wa kufanyia ishara ya msalaba. Nilipochumbiwa, mama yangu aliniambia, "Mwanangu, huyo atakupiga kofi kutoka upande usioutazamia." Hakunipiga hata siku moja, Mungu ni shahidi. Na mkono huo ndio uliochukuliwa na mashine ya mkonge, kwa hiyo mtu akiniuliza habari za kesi yetu ya bomani, mimi huanzia hapo.

Tena siwezi kuusema mkono bila kumsema mtani wake. Ukoo wa mume wangu na ukoo wa yule bwana ni watani tangu enzi za mababu. Wanatukanana, wanachukuliana kuku bila kuomba, na mmoja akifa wenzake ndio wanaoshika jembe la kaburi. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Hao wawili walikua ng'ambo na ng'ambo ya kijito kimoja, wakachunga mbuzi pamoja, wakafundishwa katekisimu kwenye benchi moja. Mume wangu alikuwa na tabia ya kusinzia padri akihubiri. Hakuwa mvivu, la, alikuwa anaamka na jogoo kwenda kwenye matuta ya njegere, sasa akikaa tu mahali penye kivuli, macho yanafunga. Basi siku ya harusi yetu mtani alisimama mbele ya watu wote akanigeukia mimi. "Bibi harusi, pole sana. Umedhani umeolewa na mume, kumbe umeolewa na mkeka. Huyu akikaa amelala, akisimama amelala." Watu wakavunjika mbavu. Mume wangu naye akamjibu, "Nyamaza wewe, ambaye meno yako yanafika kwenye harusi kabla yako," maana mtani meno yake yalikuwa ya mbele mbele kweli. Tangu hapo mmoja akawa Mlalaji, mwingine akawa Meno, na majina yao ya ubatizo wakabaki nayo mapadri.

Walishuka pamoja kwenda kwenye mkonge miaka ile baada ya vita ya pili, kwa sababu ya kodi. Kodi haikujua kwamba kabichi zimeoza kwa mvua. Shamba lilikuwa bondeni, la mzungu mmoja ambaye sisi tulimwita Bwana Mkonge tu. Mtu alipewa kipande, kadi ya kazi, akaitumikia mpaka ijae ndipo apate mshahara, kisha apande mlima kutuona. Wao wawili waliwekwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Mmoja anapanga majani, mwenzake anayasukuma yaingie. Mbele ya meno ya ile mashine palikuwa na ubao wa kinga ili mkono usifuate jani. Mvua za masika zilipokwisha, ubao ukatolewa, kazi iende haraka. Mtani aliniambia hayo kabla ya ajali, akicheka. "Shemeji, wamemwondolea mumeo mto. Sasa hana pa kulalia."

Siku ile nilikuwa kijitoni naosha karoti za kupeleka sokoni Mlali. Nikamwona mtani anapanda njia, kifua wazi, hana shati. Akanifikia, akaniamkia vizuri, kwa adabu, kama mtu wa posta. "Shemeji, habari za hapa." Karoti zikaniponyoka, zikaenda na maji. Tangu nimjue mtu yule hajawahi kuniamkia bila tusi. Shati lake alikuwa amemfungia mume wangu mkono ili damu isimwagike yote, na ndilo lililomwokoa, daktari mwenyewe alisema.

Hospitali nilimkuta amegeukia ukutani. Haongei, hali. Mkono umekatwa juu kidogo ya kiwiko. Nilimbembeleza, nikamsomea rozari, nikamlilia, wapi. Alikuwa ananitazama mimi kama dirisha. Nikaanza kuogopa kwamba atakufa kwa kutaka mwenyewe.

Mtani alikuja Jumapili na mkungu wa ndizi begani. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Ebo! Hata huku umekuja kulala?" Akautua mkungu sakafuni. "Na mkono wenyewe umeuacha kule. Afadhali. Ulikuwa wa kushoto, wa nini? Sasa utakula kama watu." Mwuguzi alishika mdomo. Mara nikaona mabega ya mume wangu yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi, kisha akalia kweli, kisha akasema, "Meno, niletee uji." Jamani! Nilimpenda mtu yule siku ile kama tumezaliwa tumbo moja. Huwezi kumwambia hivyo mtu aliyepoteza mkono wake; ila mtani anaweza, na dawa yake inaingia mahali ambapo dawa ya daktari haifiki.

Alipotoka hospitali, shamba lilimpa blanketi na mfuko wa unga, likamwambia kwaheri. Kipande chake kilikuwa hakijajaa, wakakifunga. Nyapara, yaani msimamizi wao, akasema maneno aliyotumwa: alisinzia kazini, kosa ni lake. Hapo mume wangu ndipo alipokasirika. Hakukasirika kwa mkono. Alikasirika kwa neno. "Mimi nisinzie mbele ya korona? Wewe mke wangu, mtu anaweza kusinzia mbele ya chui?" Alitaka jambo moja: Bwana Mkonge asimame mbele ya watu akiri kwamba ubao uliondolewa. Fidia alikuwa anaitaka pia, tusidanganyane, tulikuwa na watoto na yeye hawezi tena kulima matuta ya mlimani. Lakini usiku na mchana alikuwa anazungumza ubao, ubao, ubao.

Tukashuka mjini Morogoro kwa mzee mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua kwenye baraza ya duka. Alikuwa amepata kuwa karani, anajua milango yote. Akatuambia kwamba milango iko mitatu na kila mlango una kizingiti chake.

Wa kwanza ni baraza la jumbe wetu, huko huko mlimani. Ada yake ndogo, wazee wanaojua Kiluguru chetu, na ukishindwa unatoa kuku, mnakula wote, yamekwisha. Kasoro yake ni kwamba jumbe hawezi kumwita mzungu. Anaweza kumwita nyapara tu.

Wa pili ni ofisi ya Bwana wa Kazi, mzungu wa serikali anayeangalia mambo ya vibarua. Huyo hatoi hukumu na hatozi kitu. Anasikiliza, anawaandikia shamba, anawapatanisha.

Wa tatu ni mahakama ya bomani, kwa hakimu. Huko mzungu anaitwa na anakuja. "Lakini sikiliza vizuri, bwana mdogo," mzee akasema, akavua miwani. "Kule kuna kitu kinaitwa gharama. Ukishinda, za kwako watalipa wao. Ukishindwa, za kwao utalipa wewe. Na za kwao si kuku."

Mume wangu alisikia nusu ya kwanza. Mimi niliisikia ya pili, nikamkanyaga mguu, akauondoa mguu wake.

Tulianza na Bwana wa Kazi kwa sababu mimi nilishikilia. Alikuwa kijana, kaptura imenyooshwa, anaongea Kiswahili cha kujitahidi. Aliandika kwa shamba, shamba likajibu. Tukaitwa. Shamba, kwa huruma yake, litampa kazi ya ulinzi langoni, na juu yake zawadi ya pesa kwa ajili ya mkono. Kuhusu ubao, shamba halina la kusema. Mimi, nasema kweli, nilitaka kupiga vigelegele. Mume wangu akauliza, "Zawadi? Mkono wangu nimewauzia, au wamenipa zawadi?" Yule kijana akasema ni neno tu. "Kama ni neno tu," mume wangu akasema, "waseme lile jingine." Tukatoka. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nilikuwa na hasira za kuweza kumsukuma korongoni.

Mjomba wake, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akaja nyumbani. Kwetu mjomba akisema jambo, limesemwa. Akasema, "Nendeni kwa jumbe. Muiteni nyapara. Mtani wako atoe ushahidi hapa, wazee wayapime maneno, karani wa baraza ayaandike, kisha mtapeleka karatasi hiyo kwa Bwana wa Kazi. Maneno yaliyopimwa nyumbani yanakwenda mbali."

"Mjomba, nyapara hakuondoa ubao. Aliyeondoa ni mzungu."

"Najua. Lakini bomani hawatujui sisi ni nani."

"Si lazima watujue, mjomba. Wajue ubao tu."

Mjomba akanyanyuka, akachukua fimbo yake. Asiyesikia la mkuu, alisema, mnajua wenyewe mwisho wake. Hakuna hata mmoja wetu, wala mjomba mwenyewe, aliyefikiri jambo lililokuja kutuua. Tena ni jambo tulilokuwa tunaliona kila mara. Barazani kwa jumbe, mtu akija kumtolea mtani wake ushahidi, mzee mmoja humwambia kwanza, "Haya, malizana na mwenzio." Basi watatukanana pale, watu watacheka, hata jumbe atacheka. Yakiisha, yule mzee hupiga fimbo chini na kusema, "Sasa sema." Na kinachoanzia hapo ndicho ushahidi. Tulilizoea mno, kama mtu alivyozoea kubisha hodi. Nani angefikiri kwamba kuna nyumba isiyojua hodi?

Ada ya bomani tuliipata kwa shida zetu, sitaki kuzihesabu hapa. Siku ya kesi tulishuka watu wengi, nusu ya kijiji, na mafurushi ya viazi vya kuchemsha. Wenzao wa korona walikuwa wameahidi kusema habari za ubao, wote wakaingia mitini, na siwalaumu, kila mtu ana kipande chake. Aliyebaki ni mtani peke yake. Alikuwa bado yuko kazini pale shambani na alijua atafukuzwa. Alikuja amevaa koti la kuazima la katekista, mikono ya koti imemvuka vidole.

Shamba lilileta wakili kutoka Dar es Salaam, kwa treni, amevaa joho jeusi. Fundi wa mashine aliapa kwamba ubao ulikuwepo. Wakili akamwuliza mume wangu kama hakuwa amesinzia. "Sikusinzia." Una hakika? "Nina hakika, bwana. Nilikuwa macho. Niliuona mkono wangu ukiingia." Alivyosema hivyo, mkalimani, Mwafrika mwenzetu wa makamo, alishusha sauti alipoyageuza kwa Kizungu. Nikaona hakimu anaandika. Nikajisemea, tumeshinda.

Akaitwa mtani. Akaapa kwa Biblia. Hakimu akasema, mkalimani akageuza, "Bwana anauliza, unamfahamu mdai huyu?"

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sasa nalielewa hivi. Mtani alimtazama rafiki yake. Alimkuta amekaa, uso umekunjamana, shati limebanwa kwa pini pale mkono ulipokuwa, watu wote kimya, wamevaa nguo za Jumapili. Alikuwa anatazama msiba. Na kwenye msiba kazi ya mtani ni ipi? Koo lake likafunguka lenyewe.

"Nani asiyemfahamu mlalaji huyu? Huyu, bwana, alizaliwa amelala. Hata huo mkono ulimkimbia kwa sababu umechoka kumwamsha."

Loo! Watu wa milimani walioko nyuma waliangua kicheko. Mimi nikacheka, sikujizuia. Na mume wangu akacheka, mabega yanatikisika kama siku ile hospitali. Angefanyaje? Kumnunia mtani ni kumwambia wewe si mtani wangu. Mkalimani mwenyewe alitabasamu, nilimwona, kisha akasafisha koo na kuyageuza.

Hakimu hakucheka. Alimtazama mume wangu anavyocheka, kalamu imesimama. Wakili alikuwa ameshasimama.

"Wakili anauliza, kwa hiyo huyu ana desturi ya kulala?"

"Aa, bwana, hapana. Huo ulikuwa utani."

Mkalimani akasita. Alimwangalia mtani, akaangalia dari, akasema neno moja la Kizungu. Hakimu akaweka kalamu chini. Maneno yake yalikuwa makali hata kabla hayajageuzwa.

"Bwana anasema, umeapa kwa Biblia kusema kweli. Je, ulikuwa ukifanya mzaha mbele ya mahakama? Mzaha hapa ni kosa, utafungwa."

Mtani akanyooka ndani ya lile koti. Aliumia, nikaona. Mzaha! Utani ni kitu alichopewa na babu zake, ndio uliomzika baba yake na ndio utakaomzika yeye. Wewe mwambie mtu kwamba sala zake ni kelele uone. Akasema kwa nguvu, "Si mzaha, bwana! Mzaha ni wa watoto. Mimi sifanyi mzaha."

"Wakili anauliza, maneno yako hayakuwa mzaha?"

"Hayakuwa mzaha."

Wakili akainama, akakaa. Mjomba wetu, nyuma yangu, alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Baada ya hapo mtani alieleza habari za ubao kwa ufasaha wote, siku ulipoondolewa, aliyeuondoa, ulipowekwa. Alionyesha hata kwa mikono jinsi majani yalivyokuwa yanavuta. Hakimu alikuwa anaangalia saa.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Shahidi wa mdai mwenyewe amesema mdai ni mtu wa kulala, akaulizwa kama ni mzaha, akakana. Mdai mwenyewe alipoyasikia alicheka badala ya kuyapinga. Dai limetupwa, na mdai alipe gharama.

Nilimkamata mkalimani nje, kwenye ngazi. Nilimshika shati. "Wewe ulijua! Wewe una watani wako kwenu! Hakuna mtu mweusi nchi hii asiyejua utani!" Askari akataka kunisogeza, mkalimani akamzuia. "Mama," akasema, "nilijua. Nililitafuta neno, sikuliona. Kwa lugha yao mzaha na utani wanavitia kapu moja. Na kazi yangu ni kugeuza, si kueleza." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwachia shati. Ningeendelea kumchukia ningepata nafuu, lakini sikuweza.

Gharama zikaja. Nauli ya wakili ya kuja na kurudi, chumba alicholala, siku ya fundi aliyoacha mashine. Tulimlipia nauli mtu aliyekuja kutushinda! Ardhi yetu ni ya ukoo, haishikwi wala haiuzwi. Ng'ombe hatukuwa nao. Ikabaki njia moja, na shamba ndilo lililoitaja. Afanye kazi ya ulinzi langoni, mshahara ukatwe mpaka gharama ziishe. Lango lile lile waliloahidi kupitia kwa Bwana wa Kazi, ila sasa bila zawadi. Mume wangu akashuka. Akakaa langoni na rungu mkono wa kulia, mkono ambao hakuujua, anasikia korona ikinguruma nyuma yake tangu asubuhi. Nilipompelekea chakula alikuwa ananiambia, "Ubao wameurudisha." Wameurudisha, na hakuna aliyemwambia pole.

Mtani alifukuzwa kazi siku ile ile aliyorudi kutoka bomani. Kabla hajaondoka kwenda Turiani kulima mpunga, alikuja nyumbani. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini. Mtani akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule. "Ndugu yangu, nisamehe."

Mume wangu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Inuka! We Meno, inuka, usinitie nuksi. Mtani haombi msamaha."

"Nisamehe."

"Ukiniomba msamaha umenifanya mtu baki. Inuka unitukane."

Akainuka. Akafungua mdomo. Midomo ilicheza, hakuna kilichotoka. Alinitazama mimi kama mtu anayeomba maji, kisha akaenda zake, na mume wangu akamkimbiza kwa maneno mpaka kwenye mgomba wa mwisho: "Haya nenda, lakini funga mdomo, meno yasije yakakutangulia Turiani!" Hakugeuka. Mume wangu aliingia ndani, akakaa gizani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husema watu. Kidole kinapona.

Basi miaka ile ya langoni mume wangu alikuwa na shughuli moja. Kila mtu aliyepita akielekea Turiani, alimpa tusi la kupeleka. "Mwambie yule wa meno, panya wa huko wanamwonea wivu." "Mwambie nimesikia anavuna mpunga kwa mdomo." Alikuwa anayatunga kutwa nzima, ananijaribishia mimi usiku, anauliza kama yamekolea. Na baada ya mavuno kulikuwa kunakuja gunia la mchele mzuri, limefungwa vizuri. Mume wangu anamwuliza aliyeleta, "Amesemaje?" "Hakusema kitu. Anawasalimu." Anawasalimu! Mtani analeta mchele bila tusi! Mume wangu alikuwa anatia mkono ndani ya gunia, anapekua, kama kwamba tusi limezama chini ya mchele. Mimi niliupika ule mchele nikiulilia. Hakunung'unikia mkono, hakunung'unikia gharama, ila gunia lile lilikuwa linamkondesha.

Gharama zilipoisha, yeye naye alikuwa amekwisha. Vumbi la mkonge lilikuwa limemkaa kifuani. Akapanda mlima kwa kupumzika kila mahali penye jiwe. Akalala, na safari hii kweli. Tulituma mtu Turiani. Mume wangu alikuwa kitandani ametega sikio njiani. Akisikia hatua alikuwa ananiambia, "Fungua. Atasema, 'Hata leo umelala?' Subiri uone." Alikuwa ameshatayarisha na jibu, lakini hakuniambia ni jibu gani. Alisema litaharibika. Ilikuwa msimu wa mvua na mito ya chini ilikuwa imejaa. Alikufa kabla ya mtani kuvuka.

Mtani aliwahi mazishi. Alikuja na tope mpaka magotini, mvi zimemwingia kote. Watani wengine walikuwa wameshachimba, wameficha jembe, wamedai pombe, wamemsema marehemu kwamba alikuwa mzito kubeba ingawa amepungua mkono. Watu walicheka kidogo, kama inavyopasa. Lakini kila mtu alikuwa anamngoja yeye. Katekista alipomaliza sala, jeneza likashushwa, na mjomba, mzee sana sasa, akapiga fimbo yake chini.

"Mtani. Kazi yako."

Akasogea mpaka ukingoni. Akatazama chini. Tukangoja. Mvua ilikuwa imekatika, majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji, na watoto wangu walikuwa wananitazama. Nikaona hawezi. Sikuvumilia. Mjane hasemi kaburini, lakini nilisema.

"Mwite mlalaji tu, shemeji. Alikuwa anangoja. Hapa hakuna anayeandika."

Aliniinulia uso. Hakuwa analia.

"Shemeji," akasema, "mimi nilishasema kule bomani."

Akashika koleo, akaanza kufukia.